Kura ya Siri ya Darasa la Sita

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sababu nitajitetea, na kujitetea ninakujua sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kasense, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Mwaka jana nilimpoteza mtoto mmoja wa darasa la sita. Hakufa. Yuko hai, ana afya, analea watoto wa shangazi yake huko bondeni Muze. Lakini shule ameacha, na mpaka ninapoandika haya hajarudi, na aliyemwachisha ni mimi, katika kipindi cha kufundisha tabia njema.

Kipindi chenyewe kiliingia kwenye ratiba baada ya semina. Tulikaa siku tatu mjini, tukala wali na nyama, tukaambiwa kwamba mtoto si kichwa cha kujazwa hesabu tu. Ana moyo. Ajue kutaja anachojisikia, ajue kumsikiliza mwenzake, amalize ugomvi bila ngumi, awe mwaminifu hata pasipo na mtu wa kumwona. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, nimejifunga kitenge kifuani kwa ajili ya baridi, ninacheka. Watoto sitini na tatu katika chumba cha watoto arobaini, halafu nimuulize kila mmoja moyo wake ukoje? Nilimwambia jirani yangu, kwa sauti ambayo hata mwezeshaji aliisikia, kwamba nikifika dawati la mwisho, wale wa dawati la kwanza watakuwa wameshaoa. Watu wakacheka, nikajiona mjanja.

Tuliondoka na bango lenye picha za nyuso, uso wa furaha, wa hasira, wa huzuni, wa hofu, na kila shule ikapewa mpira mmoja. Mpira mzuri, wa ngozi, bado unanuka duka. Haukuwa wa kupigwa mateke. Watoto wakae duara, anayeushika ndiye anayesema, wengine wote wananyamaza.

Ijumaa ya kwanza niliwatoa nje kwenye majani, upepo unatupiga kama kawaida yake, na nikamrushia mpira mtoto wa kwanza. Unajisikiaje leo? "Sijambo, mwalimu." Wa pili? "Sijambo, mwalimu." Mpira ulizunguka duara zima nikarudishiwa sijambo sitini na ushee. Sikuwashangaa. Kwetu Ufipani mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mkubwa habari za moyo wake. Anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anasalimia, anajibu anachoulizwa, anaondoka. Mama yangu mzazi hajawahi kuniuliza ninajisikiaje hata siku moja, na wala sijaona kwamba hanipendi.

Ilichukua wiki nyingi mpaka mmoja akasema kitu. Alikuwa binti mrefu, mwembamba, mikono ya sweta lake imeishia katikati ya mkono. Wazazi wake ni Wasukuma, wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kule Kanda ya Ziwa, wakapata eneo la kulima na kuchungia ng'ombe pembeni ya mtaa wetu. Alihamia kwetu akiwa darasa la tano. Alikuwa na mwandiko safi kuliko wote, na hesabu zake sikuwa na haja ya kuzisahihisha mara mbili, ila sauti yake nilikuwa siijui. Siku hiyo mpira ulipomfikia hakuupitisha. Aliukumbatia, akautazama, akasema, "Mimi wakati wa mapumziko wenzangu wakiongea Kifipa, nadhani wananisema mimi."

Hakuna aliyecheka. Wale waliokuwa wakiongea Kifipa waliangalia chini, wakaanza kung'oa majani. Machozi yalinilenga, nikajifanya upepo umeniingizia vumbi. Jumatatu yake niliwaona wasichana wawili wanamwita kucheza rede, wakamfundisha na maneno ya Kifipa ya kuhesabia. Basi mimi niliyekuwa nikicheka kule semina nikawa mlokole wa kipindi kile. Niliwahubiria walimu wenzangu ofisini mpaka wakawa wakiniona wanashika chai yao wanatoka. Fimbo yangu niliitupa juu ya kabati. Nilijiambia nimekuwa mwalimu wa aina nyingine.

Kisha mpira ukapotea. Ulikuwa ukikaa kwenye mfuko wa salfeti nyuma ya mlango wa darasa langu, na Jumatano asubuhi mfuko ulikuwa mtupu. Aliyeuweka mara ya mwisho alikuwa yule binti, kwa sababu nilikuwa nimempa yeye kazi ya kuutunza, nikiamini ninamjengea kujiamini. Niliwauliza darasa kwa upole. Kimya. Nikawauliza tena kwa ukali. Kimya kilekile. Hasira zilinipanda, na mimi hasira zangu zikipanda huwa hazishuki kwa ngazi. Fimbo ilikuwa palepale juu ya kabati, ninaiona. Lakini nilikuwa nimeapa sitaishika tena. Nikatafuta njia ya kistaarabu, na njia niliyoipata ndiyo iliyotumaliza.

Huku kwetu mali ikiibiwa mtaani na mwizi hajulikani, tunapiga kura. Mwenyekiti anaitisha mkutano, kila mtu anapewa kikaratasi, anaandika jina la anayemshuku bila kuandika lake, anatumbukiza kwenye ndoo. Jina likijirudia sana, mwenye nalo ana kazi. Wapo waliohama mtaa kwa ajili ya ndoo hiyo. Mimi mwenyewe nimeshapiga kura za namna hiyo mara tatu maishani, na mara zote tatu niliandika jina nililolisikia likinong'onwa njiani wakati tunakwenda mkutanoni. Hilo nililijua. Nililijua vizuri kabisa, na bado nikachana daftari, nikagawa vikaratasi sitini na tatu, nikawaambia hii ni kura ya siri, kila mtu aandike kwa uaminifu. Neno uaminifu lilikuwepo hata kwenye andalio langu la somo la wiki ile.

Walipokuwa wanaandika nilisikia minong'ono ikipita kutoka dawati hadi dawati. Sikuikataza. Kiranja akasimama ubaoni na chaki, mimi nikawa nachomoa vikaratasi kwenye ndoo na kusoma kwa sauti, yeye anapiga mistari, kila minne anaifunga na mmoja wa kukatiza. Tulivyofanya uchaguzi wa viranja, hivyohivyo. Jina la kwanza lilikuwa la yule binti. La pili lake. La tatu la mvulana mmoja mkorofi, darasa likacheka. Halafu lake, lake, lake. Sauti yangu ilianza kuchoka lakini sikuacha kusoma, nikaona nikiacha katikati nitaonekana ninampendelea. Kiranja alimaliza nafasi aliyoanzia, akarudi mwanzo wa ubao kutafuta mahali pa kuendelea. Mwenye jina alikuwa amekaa dawati la tatu kutoka mlangoni, anaangalia mistari yake inavyoongezeka, macho makavu.

Nikamwita mbele. "Unasemaje?" Akapiga magoti. "Nisamehe, mwalimu."

Mimi ni mwanamke wa huku. Ninajua kwamba mtoto wetu akiona mkubwa amekasirika huomba msamaha kwanza, kosa atalijua baadaye. Nimelelewa hivyo, nimewalea wangu hivyo. Lakini mchana ule, mbele ya ubao uliojaa mistari, nililichukua neno lile kuwa kukiri. Nikamuuliza, "Umeuweka wapi?" Akajibu, "Nitautafuta, mwalimu." Nikamwambia aende nyumbani akautafute, asirudi bila mpira. Alichukua mfuko wake wa madaftari, akaniaga kwa adabu, akatoka. Kesho yake hakuja.

Ijumaa mpira ukaonekana. Mwalimu wa taaluma alifungua kabati la stoo kutafuta bunda la karatasi, na mpira ukawa umekaa humo, umefungwa vizuri kwenye nailoni. Yeye ndiye aliyeufungia. Wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, walikuwa wametangaza kuja Jumanne, naye akaona watoto watauchakaza kabla wageni hawajauona. Aliuchukua Jumanne jioni, akasahau kuniambia. Alicheka sana alipogundua nimeutafuta. "Si ungeniuliza, madam!" Alisema kweli. Niliwauliza watoto sitini na tatu, sikuwauliza walimu kumi na mmoja, kwa sababu haikunipitia akilini kwamba mwalimu anaweza kuchukua kitu.

Vile vikaratasi nilikuwa bado ninavyo, vimo ndani ya ndoo. Nilivibeba nyumbani kwangu Mazwi, na Jumamosi mchana nikavimwaga kitandani nikaanza kuvitazama kimoja kimoja, sijui nilikuwa natafuta nini. Mwalimu anajua miandiko ya watoto wake kuliko anavyojua nyuso zao. Nikafika kwenye kimoja, nikakisogeza dirishani. Mwandiko safi, herufi zimelala upande mmoja, nukta imewekwa mwishoni kama nilivyowafundisha. Ulikuwa mwandiko wake. Alikuwa ameandika jina lake mwenyewe.

Jumatatu nilimwita aliyekuwa akikaa naye dawati moja, nikamuuliza taratibu. Akaniambia, "Aliniuliza tunaandika nani. Nikamwambia wote wanakuandika wewe. Akasema, haya." Akaanza kulia. Nilimwambia arudi darasani, nikaingia choo cha walimu, nikaegemea ukuta mpaka kengele ikalia.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Nilitaka nisimame mstarini, mbele ya shule nzima, niseme mtoto hakuiba, niombe radhi. Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Ni mtu mwenye shule mbovu na wageni kesho yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Madam, ukijishusha leo mbele ya watoto, kesho utawafundishaje? Subiri wageni waondoke. Halafu nenda kwao kimyakimya, umrudishe, yaishe." Nikasema sawa. Nililiweka neno hilo katika kinywa changu mwenyewe, hakunishika mkono.

Jumanne wageni wakaja, na kati ya vipindi vyote wakachagua changu. Niliwakalisha watoto duara, mpira ukazunguka, na watoto wangu, Mungu awasamehe na mimi anisamehe, walikuwa hodari. Mgeni mmoja, mama mpole mwenye miwani, akaupokea mpira kwa kicheko, akauliza uaminifu ni nini. Wakajibu kwa pamoja, "Uaminifu ni kusema kweli hata kama ni vigumu!" Akafurahi. Akaangalia daftari la mahudhurio, akauliza mbona kuna mmoja hajaja siku kadhaa. Kiranja akasimama wima kama alivyofundishwa. "Hayupo, mheshimiwa. Ndiye aliyeiba huo mpira. Ameurudisha."

Yule mama aliutazama mpira mikononi mwake, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema sentensi moja. Mdomo niliufungua kabisa. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma ya wageni, na mimi nikasema, "Tunalishughulikia." Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Baadaye tukasomewa kwamba kipindi kilikuwa cha mfano.

Saa tisa alasiri nilipanda pikipiki kwenda kwao. Ni mbali, unapita mashamba ya mahindi na ulezi, unaacha barabara, unafuata njia ya ng'ombe. Njia nzima nilikuwa nasali, na sikuwa naomba msamaha. Nilikuwa naomba nimkute. Baba yake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanitolea kigoda, mama yake akaleta maziwa. Kabla sijafungua mdomo aliingia ndani akatoka na mpira. Mpya, ndani ya mfuko wake, wa rangi nyingine. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nije mwenyewe, mwalimu. Nimechelewa kwa ajili ya mifugo. Mtoto amekubali kosa. Tumemtafutia mpaka zizini, hakumbuki alipouweka. Basi nikasema tulipe, yaishe."

"Baba," nikasema, "mpira ulikuwa kwetu. Kabatini. Mtoto hakuiba."

Aliitazama ile nailoni ya mpira kwenye mapaja yangu. "Sasa wale wote waliomwandika?"

"Walikosea. Niliyewakosesha ni mimi. Naomba nimwone."

Hakuwepo. Walikuwa wamempeleka Muze kwa shangazi yake siku mbili kabla. Akanieleza bila kunilaumu, na ingekuwa nafuu angenitukana. Habari ilikuwa imeshafika mtaani, watoto walikuwa wameibeba siku ileile. Kisimani mkewe akaulizwa kama na ng'ombe wao wamewapata kwa njia hiyo. "Sisi hapa ni wageni, mwalimu. Leo kura ya darasani, kesho kuku wa mtu akipotea itakuwa kura ya mtaa, na jina mnalo tayari. Nikaona bora mtoto akae mbali watu wasahau." Akaniomba jambo moja tu. Barua ya shule, yenye muhuri, iseme mtoto hana kosa, aipeleke kwa mwenyekiti isomwe mkutanoni. Ikisomwa, atamrudisha mtoto siku hiyohiyo.

Niliiandika usiku haujaingia, mistari sita. Mwalimu mkuu akaisoma mara mbili, akaiweka mezani, akaweka na muhuri kando yake, mbali kidogo. Barua ile inasema shule imemwonea mtoto, akasema. Ikifika kwa mwenyekiti itafika kata, ikifika kata itafika wilayani, na ndiyo kwanza tumesifiwa. Niandike nyingine, isiyotaja kosa. Niliandika nyingine. Nayo ikawa barua isiyosema kitu. Nilimpelekea baba yake ile ya kwanza, bila muhuri, nikaisaini kwa jina langu na cheo changu. Aliigeuza huku na huku akitafuta duara la wino. Akaikunja, akaitia mfukoni, akanishukuru. Nikaenda mwenyewe kwa mwenyekiti kusema kwa mdomo. Mwenyekiti akasema, "Madam, mambo ya watoto hayo, yameshapita," wala mkutano hakuitisha.

Darasani nilisema. Hapo sikuomba ruhusa ya mtu. Nilifunga mlango, nikawaeleza kabati, nailoni, kila kitu, nikasema mimi mwalimu wenu nimekosa. Walinisikiliza kwa heshima zote. Nilipomaliza nikauliza nani ana swali. Mmoja akanyoosha mkono akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Jumamosi iliyofuata nikashuka Muze. Ukitoka kwetu juu unaondoka na sweta, ile barabara ya mteremko inakupeleka kona baada ya kona, na ukifika chini unalivua, joto limekukaba. Niliuliza mpaka nikapata nyumba. Alikuwa uani anatwanga mpunga, mtoto wa shangazi yake mgongoni. Aliponiona aliuacha mchi, akapiga magoti. "Shikamoo, mwalimu."

Sikuitikia. Nilichuchumaa mbele yake, nikapiga makofi taratibu kama tunavyofanya kwa watu tunaowaheshimu, na shangazi yake akashtuka akatoka jikoni, hajawahi kuona mwalimu anamfanyia mtoto hivyo. Nikamwambia mpira ulikuwa kabatini. Nikamwambia hakukosa chochote, aliyekosa ni mimi, na ninamwomba anisamehe, na ninamwomba arudi shule, nitakaa naye mimi mwenyewe kwangu Mazwi kama baba yake akikubali. Nilisema mengi. Yeye alikuwa akimtikisa mtoto mgongoni asiamke.

"Umepatikana?" akauliza.

"Umepatikana."

Akafikiri. "Sasa, mwalimu, wamemwandika nani?"

Sikumwelewa mara moja. Nikamwambia hakuna mtu, hakuna aliyeiba, hakuna kura nyingine. Nilimwona hajaniamini. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mkubwa anayekuficha habari ya msiba.

"Usimwandike mtu, mwalimu," akasema. "Liache jina langu tu. Mimi nimeshatoka. Wale bado wanasoma."

Shangazi yake akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikakaa nayo hapo chini, sikuweza kuyanywa.